Dirisha Tuliloliziba Ili Nyumba Iuzike

Ukitaka kuijua familia, usiende kwenye harusi yao. Nenda siku wanapochagua rangi ya ukuta. Sisi tulikuwa watatu tu, Mama, kaka yangu mkubwa na mimi, na kwa juma zima tulinuniana kwa sababu ya rangi iitwayo krimu. Mama alisema hiyo si rangi, ni nyeupe iliyoshindikana kufuliwa.

Nyumba yenyewe iko Dandora, mtaa wa jiji ulio jirani na jalala kuu. Mama na marehemu Baba walipokipata kile kiwanja walikuta choo, bomba la maji na uwazi, basi. Mengine walijijengea wenyewe, chumba baada ya chumba, kila walipopata chochote. Ndiyo maana hakuna vyumba viwili vyenye kimo kimoja, na mlango wa jikoni unakulazimisha uiname kama unayeingia kanisani. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana lililotazama barabara, lenye ubao wa kuwekea bidhaa, na hapo ndipo Mama alipouzia chai na maandazi tangu kabla sijajua kutembea. Ada zetu za shule zilipitia dirisha lile.

Mwaka jana Mama alitangaza kwamba anauza nyumba. Magoti yake, alisema, yalikuwa yamechoka na simiti, yalitaka udongo. Dada yake mdogo anaishi Murang'a, na kipande cha shamba kilichopakana naye kilikuwa kinauzwa. Mwenye shamba alikubali kumngojea Mama hadi mvua ya masika ianze. Ikianza kabla Mama hajalipa, angempa mtu mwingine alime. Mama alikuwa ameshachagua hata mahali pa kupanda viazi. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa namna ile, na nilijua nyumba isipouzwa vizuri, na mapema, angezeekea pale pale akisimulia viazi ambavyo havikupandwa.

Kaka akamleta broka, dalali wa nyumba, kijana wa viatu vilivyochongoka, aliyegonga kila ukuta kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Mama alikuwa anammiminia chai.

"Mama, nisikudanganye," broka akasema. "Hapa mnauza udongo. Mtu atanunua, atabomoa, ainue flati."

Mama aliacha kumimina. Kikombe kilikuwa nusu, na kikabaki nusu.

"Nyumba yangu si udongo," alisema.

Bei ya udongo isingefikia lile shamba. Na hata kama ingefikia, Mama alituambia jioni ile, hakuwa tayari kulima Murang'a huku akijua matingatinga yanapita jikoni kwake. Anayetaka kununua anunue nyumba. Tukamrudia broka, naye akasema basi tuipambe ili wanunuzi waone nyumba, wasione kiwanja. Vigae sebuleni. Dari ya jipsamu. Geti jeusi lenye ncha za dhahabu. Choo cha kukalia. Na mwisho, bila hata kumtazama Mama, akasema, "Hilo dirisha la mandazi mlizibe. Linafanya nyumba ionekane ploti ya vyumba vya kupanga."

Kaka alikubali mara moja, kwani siku hizo alikuwa akiangalia video za nyumba kwenye simu hadi chakula kinapoa. Mimi nilikubali pia, maana tangu utotoni nguo zangu zimenuka mafuta ya kukaangia, na nilikuwa nimependa sana wazo la sebule inayonukia rangi mpya. Mama alisema, "Mtajua wenyewe." Kwa watu wengine hayo ni maneno ya ruhusa.

Tulifanya kazi kwa furaha, lazima niseme. Vigae vilipokauka Mama alivua viatu akavipitia kwa soksi, akishika ukuta, akilalamika kwamba watoto wake wanataka kumvunja kiuno kabla ya kumrithi. Choo kipya alikiita kiti cha enzi, na majirani wakaja kukitazama. Fundi wetu alikuwa mteja wa Mama wa miaka mingi, mtu asiyeweza kushika mwiko kabla ya chai. Siku ya kuziba dirisha alisimama mbele yake muda mrefu, tofali mkononi.

"Buda," akamwambia kaka, "unajua hapa naziba chai yangu mwenyewe?"

"Ziba tu," kaka akamwambia.

Aliziba. Akapiga plasta, akabandika mawe membamba ya urembo, na ukweli usemwe, nyumba yetu ikawa nzuri kuliko zote mtaani. Nilipiga picha nikawatumia marafiki zangu.

Kesho yake alfajiri tuliamshwa na ngumi ukutani.

"Shosh! Shosh, kwani umelala?"

Shosh, yaani bibi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita Mama, na aliyeita alikuwa mzee mlinzi anayerudi kutoka lindo lake Industrial Area. Huyu hakuwa mteja wa kawaida. Kila mfanyabiashara wa huku kwetu anajua kwamba mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Hakopi, hapunguziwi, wala hapewi bure, kwa sababu atakavyoanza yeye ndivyo siku nzima itakavyokwenda. Mama alishikilia kwamba mlinzi yule ana mkono wa baraka. Mtu mwingine akitangulia, Mama alijifanya mafuta hayajashika moto, akamsimamisha hadi mzee atokee kwenye kona.

Baada yake walikuja makanga wa mabasi, wanafunzi, na akina mama wanaokwenda kuchambua plastiki jalalani. Walipapasa yale mawe ya urembo kama watu waliopotelewa na mlango. Hawakuzoea upesi, waliendelea kuja kila asubuhi, na Mama alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akisikiliza wanavyogonga. Mimi nilianza kuyachukia yale mawe.

Wanunuzi nao walikuja. Kaka aliwapanga asubuhi tu, maana mchana upepo hugeuka ukatuletea habari za jalala. Walisifu vigae. Walikaa kwenye kiti cha enzi. Wengine walipiga picha, nadhani ili wakaige kwao. Kisha walituma ujumbe kwamba watafikiria, na hatukuwasikia tena. Mama yetu mdogo wa Murang'a akapiga simu kusema mawingu yanajikusanya na mwenye shamba ameanza kuulizia.

Ndipo akaja mama mmoja aliyevaa buibui, na mumewe mpole nyuma yake. Alikuwa anauza nguo soko la Muthurwa na alisema amechoka kupigana na matope na askari wa kanjo. Kaka akaanza hotuba yake kuhusu jipsamu. Yule mama aliitikia kwa adabu bila kuinua macho juu. Alikuwa bado anatazama vigae, bila hamu, wakati ukuta ulipogongwa.

"Shosh! Mandazi nne na chai!"

Kaka alitamani vigae vimmeze. "Ni watoto wa mtaa," akasema haraka.

"Hiyo si sauti ya mtoto," yule mama akasema. Akamgeukia Mama. "Mama, hapa palikuwa na nini?"

Mama akamtazama kaka, akanitazama mimi, kisha akajibu kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa pingu. "Palikuwa na dirisha, mwanangu. Hawa wameliziba ili nyumba iuzike."

Yule mama alicheka hadi akashika mkono wa mumewe. Alitoka nje, akatazama pale chini ambapo nyayo za wateja zimelainisha simiti ikang'aa, akamuuliza kijana aliyegonga kama huja hapo kila siku, na kama wenzake wapo. Aliporudi alisema neno ambalo kaka mpaka leo hapendi nilirudie.

"Vigae nitavilia nini? Kuta hata kwangu ninazo. Fungueni dirisha nirudi tuongee bei ya nyumba."

Fundi alikuja akikimbia. Alipiga nyundo ya kwanza kabla hata hatujatandaza gunia, na watu waliokuwa wakipita wakasimama kushangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Mama mwenyewe alishika ufagio akafagia vipande vya mawe ya urembo, akiimba wimbo wa kanisani.

Tuliongea bei ya nyumba. Haikuwa bei ya udongo. Shamba la Murang'a lililipiwa kukiwa na mawingu mazito lakini tone halijaanguka, na mama mdogo alituambia mwenye shamba alihesabu pesa jicho moja likiwa mbinguni.

Juma la mwisho Mama na mwenye nyumba mpya walipika pamoja. Yeye ni mtu wa mahamri, maandazi ya kipwani, na alitia iliki, jambo ambalo Mama aliliona kama kutia manukato kwenye ugali. Walibishana kwa heshima, mmoja akiita mama na mwingine akiita mwanangu, huku Mama akimwonyesha kupitia dirishani nani ni nani. Yule asikopeshwe. Yule akiwa kimya ana shida, mwongezee chai.

Asubuhi ya kuhama, pikapu ilikuwa imeshapakiwa na kaka amewasha injini. Mama alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani, mara akafungua mlango akateremka. Nikadhani amesahau kitu. Alikwenda akasimama nje, mbele ya dirisha. Mlinzi alikuwa ndiyo kwanza anatokea kwenye kona.

"Nipe mbili," Mama akamwambia mwenye nyumba mpya.

"Mama jamani, chukua tu. Wewe ni wa kulipa hapa?"

"Wacha hayo! Wa kwanza hapewi bure. Nimekuja kukufungulia."

Akaweka pesa ubaoni, kamili, akaisukuma ndani kwa kidole. Yule mama wa buibui aliipokea kwa mikono yote miwili. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona Mama upande ule wa dirisha.

Aliuma kipande, akatafuna taratibu. "Iliki imezidi," akasema. Lakini aliendelea kula pale pale, kiwiko kikiegemea ubao, akitazama ndani jinsi karai lilivyokaa na mahali birika lilipowekwa. Nyuma yake mlinzi alikuwa amefika, na makanga wawili, na mwanafunzi mmoja mwenye haraka.

"Shosh," mlinzi akasema kwa upole, "sogea kidogo basi. Tuko laini, foleni inangoja."

Mama akageuka akamtazama, kisha akasogea.