Nyuzi za Breki

Mwezi uliopita, nikivuka mto kutoka Lubunga, nilimkuta fundi wa baiskeli ukingoni akitaka kutupa waya wa breki uliochakaa.

"Papa, usitupe. Nipe mimi."

"Mama, uko na toleka?" akaniuliza, akidhani nina baiskeli ya kubebea abiria.

"Hapana. Niko na gitare."

Alicheka sana. Wewe usicheke, rafiki yangu, ngoja nikueleze. Waya wa breki ukiufumua, ndani mna nyuzi nyembamba za chuma. Unachagua uzi ulionyooka, unausugua kwa mchanga na majivu mpaka ung'ae, kisha unaufunga kwenye gitaa. Sauti yake hukwaruza kidogo, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Vita ilipozuia boti kupanda kutoka Kinshasa, nikiwa bado mtoto, nyuzi nyingine hazikuwepo mjini, na mama yangu hakuwa mtu wa kungoja boti.

Mama aliuza lituma, ndizi zilizochemshwa zikatwangwa, pamoja na samaki kutoka Yanonge. Mchana, chungu kikiwa motoni, alikaza nyuzi za gitaa lake kwa kufuata sauti ya kengele ya kanisa, akapiga. Kazi yangu ilikuwa kusugua nyuzi tu. Kupiga, alisema, bado; vidole vyangu vilikuwa laini mno.

Jirani alimkemea kutoka upande wa pili wa ua: "Mama, vita iko, na wewe unapiga gitare?"

"Bon, nikinyamaza, itaisha?"

Lakini jirani alikuwa na sababu ya kuogopa. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakibeba redio na chochote chenye kutoa sauti. Kwa hiyo kila alipomaliza kupiga, mama alifungua nyuzi, akazivuta kati ya nguzo mbili za jiko, akaanika juu yake vitambaa vya vyombo. Gitaa tupu alilijaza vitunguu kama kikapu.

Siku moja wakaja. Mmoja alibeba redio yetu. Mwenzake akalisukuma gitaa kwa kiatu. "Na hii?"

"Iko kitunga ya vitunguu, mwanangu."

Alipogeuka, mtutu wa bunduki yake ukagonga zile nyuzi. Zikalia. Mama hakuinua hata kichwa. Aliidaka sauti ileile, akaanza kuimba juu yake huku akitwanga kinuni kwa nguvu, kana kwamba waya ule ulikuwa umemwitikia yeye.

Askari akasimama. "Mama, na vita hii unaimba?"

"Vita ilinikuta ninaimba. Yeye ndiye mugeni hapa."

Alicheka, akamega lituma, akamfuata mwenzake.

Viatu vyao vilikuwa bado vinasikika barabarani mama alipomwaga vitunguu chini na kufunga nyuzi. Safari hii gitaa alinipa mimi.

"Redio wamebeba. Alors, redio ni wewe."

Vidole vilichubuka. Alisema pole, endelea.

Redio ile haikurudi. Kinu kimepasuka, pikipiki zimewafukuza waendesha toleka wengi, na mama amelala kaburini. Nyuzi mpya zinauzwa dukani, laini na safi. Wanangu huniuliza kwa nini sizinunui. Wanasema gitaa langu lina mafua. Nawaita karibu, nawapa mchanga na majivu.

Leo kengele ya kanisa ilipolia, nilikaza uzi wa yule fundi, nikaufungua wazi mlango wa barabarani, nikapiga.