Kwa Kaka Kinole, na Khanga ya Chama Changu

Niliondoka Dakawa kwa sababu moja: binti yangu Zuhura kachumbiwa, na kwetu Waluguru mjomba asiporidhia, ndoa hakuna. Mjomba mwenyewe ni kaka yangu Athumani, mwenyekiti wa tawi la chama chake huko Kinole, milimani. Tangu uchaguzi hatusemeshani, maana mimi niliwapigia kampeni wapinzani wake. Alinitumia ujumbe: nije, lakini siasa zangu niziache huko huko kwenye mashamba yetu ya mpunga. Thubutu! Nilijifunga khanga ya chama changu, nikapanda basi.

Nikashuka stendi ya Msamvu, nikachukua bodaboda. Dereva akataka kujua kama nimetumwa kampeni. Nikamwambia naenda kwa kaka yangu, yeye aangalie barabara. Tulipanda kona baada ya kona, hewa ikapoa, mdalasini umeanikwa kwenye mikeka kando ya migomba. Kipande cha mwisho nilikipanda kwa miguu, nahema, hasira imenijaa.

Nilipofika, wifi yangu Mwanaidi alinivutia jikoni kabla kaka hajaniona. Akaninong'oneza nimwambie tu nimehama chama, kisha nikishuka nifanye yangu. Ana nia njema, masikini. Nikamjibu kwamba kumwitikia mtu kwa uongo ni kumfanya mtoto, na kaka yangu si mtoto.

Sebuleni nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, macho kwenye khanga.

"Umehama?"

"Sijahama, kaka, na sihami. Sema yako nikusikilize, kisha na mimi unisikilize."

Akasema, na mengine yaliniuma kwa kuwa ni kweli: maji ya bomba yamefika, zahanati ina dawa. Nikameza. Zamu yangu nikamweleza jinsi wakulima wa kwetu wanavyozomewa mikutanoni wakiuliza swali. Akataka kunikatiza, nikamkumbusha kwamba yake nimeisikiliza, nikaendelea. Chai ikapoa mbele yetu.

Mwishowe akaguna. "Wote wanaokuja hapa wananiitikia ndiyo mwenyekiti, wakitoka wananisengenya. Wewe tu unanibishia usoni. Bado umekosea. Zuhura aolewe."

"Na wewe umekosea, kaka. Ahsante."

Asubuhi nikashuka na mkungu wa ndizi alionipa. Nimejifunza kwamba wanaotutaka tunyamaze ili tupatane hawatupatanishi, wanatufundisha unafiki tu. Kaka kaniapia atakuja harusini na kofia ya chama chake. Aje nayo. Nitamwekea kiti cha mbele, na atakayemwambia aivue atanikuta mimi.