Joka Lenye Mikanda Saba

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na feni iliyozunguka huku ikikohoa. Wateja walimwita Shanuo, na si kwa sababu ya ususi peke yake. Ulimi wake haukupita mahali bila kukwaruza. Mteja akitaka mtindo usiomfaa, aliambiwa. Akimleta mchumba mpya aje kuonekana, mchumba naye aliambiwa. Na bado walirudi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi na nywele alizosuka zilikaa.

Mchezo wa viumbe aliwekewa kwenye simu na binti wa kaka yake, siku saluni ilipokuwa haina mtu.

"Shangazi, utaupenda. Unatembea, unakamata viumbe, unavilea mpaka vinakua, halafu unavipiganisha."

"Nilee tena? Mdogo wangu nimemlea tangu mama afariki, mpaka amekuwa mwalimu. Sasa nilee na vya kwenye simu?"

Binti alicheka akaenda zake. Haikupita wiki, Shanuo akawa anasimama katikati ya njia akitokea sokoni, kapu begani, anakipungia kioo cha simu kidole kama mtu anayefukuza nzi. Watu walimpisha. Mwuza viazi alidhani ana shida ya macho akampa pole.

Kupigana hakukumvutia. Kilichomteka kilikuwa sura. Alijiunga na kundi la wachezaji kwenye simu, watu mamia, wengi wao vijana wa umri wa kuwazaa, na humo akakuta kazi ambayo alikuwa ameisubiri maisha yake yote: kusema nani kaumbwa vizuri na nani kaharibiwa. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nywele kutwa nzima, hivyo hakuandika. Alituma sauti. Kila viumbe vipya vilipotolewa, kundi zima lilinyamaza kumsubiri.

"Huyu bundi," angesema, "mabawa sawa, mdomo sawa, lakini macho yake hayataki kitu chochote. Kiumbe asiyetaka kitu ni pambo la kabati. Mpelekeni sebuleni."

Au: "Nani kawaambia kila kikikua lazima kiote pembe? Mimi nimekua, nimeota pembe?"

Vijana walikufa kwa kicheko, wakabishana naye, wakamtukana kwa heshima, wakamwomba aendelee.

Kisha likaja joka Gorondo.

Lilianza likiwa Gorori, mjusi mdogo wa mviringo aliyetembea kama amesahau kitu nyumbani. Shanuo alimpenda Gorori upeo wa kupenda. Alimlea kwa subira, akamlisha, akamtembeza hadi visigino vikamuuma. Siku ya kukua ilipofika aliacha kichwa cha mteja nusu, akasimama chini ya feni kutazama. Mwanga ukamulika, moshi ukatanda, na ulipotawanyika, pale aliposimama Gorori palikuwa na joka. Mabawa manne. Mikia mitatu. Vyuma mabegani. Na mwilini, kuanzia kifuani hadi mapajani, mikanda saba yenye vifungo vya kung'aa.

Shanuo alikaa kwenye kiti cha wateja. Halafu akabonyeza kitufe cha sauti.

"Jamani, nimefiwa. Mwanangu Gorori ameondoka, ameniachia mtu aliyevaa kabati lake lote kwa kuogopa wezi. Mikanda saba! Mikanda saba ya nini, na suruali yenyewe halina? Aliyechora hili mimi simlaumu, namlaumu mama yake. Mtoto alikuwa anachora ukutani, mama anatazama tu, hakumkanya. Matokeo ndiyo haya!"

Mteja mwenye kichwa nusu alicheka mpaka akajifuta machozi. Kundi lilicheka kuliko mteja. Sauti ile ikatoka kundini ikaingia makundi mengine, ikawekewa muziki, ikasikika hata kwa watu wasiojua Gorondo ni mnyama au ni dawa ya mende.

Mwezi uliofuata, mdogo wake, yule mwalimu, alimwambia amempata mtu. "Nataka umwone, dada. Atakuja Jumapili na mama yake tule pamoja. Ila nakuomba, ulimi huo uuweke chini ya mto."

"Kwani mimi nina nini?"

"Dada!"

"Haya, nitauweka."

Na kweli alijitahidi. Alipika kuku, akatandika kitambaa kipya, akaazima vikombe visivyo na ufa kwa jirani. Wageni walipofika alikuwa bado jikoni, akapaza sauti kutoka huko: "Karibuni, karibuni jamani, kaeni, nakuja sasa hivi!"

Alipotoka na sinia la soda alimkuta kijana mrefu, mwembamba, amesimama wima kama aliyeitwa na hakimu, na kando yake mama mfupi mwenye kitambaa cha rangi ya zambarau kichwani. Kijana alikuwa amekodoa macho.

"Shemeji, mbona hukai?"

"Hiyo sauti," kijana alisema polepole. "Samahani, dada. Naomba useme 'mikanda saba'."

Mdogo mtu akageuka kumtazama mchumba, akamtazama dada yake, na uso wake ukaanza kubadilika. "Dada anacheza tu michezo ya simu. Sikukwambia? Na dada naye sikumwambia kwamba unachora..." Akaishia hapo.

"Nachora viumbe," kijana akamalizia. "Gorondo ni wangu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na siku hiyo Shanuo angekubali kujikwaa vidole vyote kumi. Alitafuta pa kushika.

"Lakini yule mdogo, Gorori," alisema haraka, "yule shemeji umemchora! Yule ni ufundi mtupu! Nilimpenda kama—"

"Gorori alimchora mwenzangu."

Ndipo yule mama mfupi akachukua chupa ya soda kwenye sinia, akanywa funda, akajipangusa midomo.

"Kwa hiyo mama ambaye hakumkanya mtoto ndiye mimi," alisema.

"Mama, nisamehe," Shanuo alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha hata chembe. Alipiga magoti palepale na sinia lake. "Joka nililisema kwa sababu nililiona. Wewe sikukuona, nikakusema. Hilo ni kosa, na sina pa kulificha."

"Inuka, soda zitamwagika," mama alisema. "Ukutani alichora, hujakosea. Na nilimchapa. Akahamia nyuma ya mlango, mahali ambapo sikupatazama. Nilikuja kuona tulipohama, ukuta mzima umejaa mashetani."

"Majoka, mama."

"Mashetani."

Mdogo mtu alikuwa wa kwanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa ameshika pumzi. Wakakaa, wakala. Lakini Shanuo alimwona kijana anakula kwa kuokotaokota, na akajua kwamba msamaha wa mama haujafika upande ule wa meza.

"Shemeji," alisema, "nieleze mikanda."

Kijana alisita. "Nilikuwa mtoto mdogo kuliko wote darasani. Nilivaa nguo za kaka zangu, kubwa, na mama alinifunga mkanda ili zisianguke. Wa kwanza ukilegea, ananifunga wa pili juu yake. Wenzangu walinicheka. Lakini mimi nikiwa nimefungwa hivyo nilijiona hakuna anayeniweza. Nilipoambiwa nichore joka lisiloshindwa, hicho ndicho nilichokumbuka."

Mama yake alikuwa ameacha kutafuna. "Mikanda ya marehemu baba yako," alisema.

Shanuo angeweza kusema kwamba sasa joka limempendeza, na mdogo wake alikuwa anamtazama kwa macho ya kumwomba aseme hivyo. Hakuweza.

"Basi sikiliza," alisema. "Hadithi hiyo ungenichorea mkanda mmoja, mkubwa kuliko mwenyewe, umekunjwa mara mbili na ncha inaburuta chini, ningeiona na ningelia. Ulichora saba inang'aa, nikaona duka la mikanda."

Mdogo mtu alifumba macho. Kijana akachukua kitambaa cha karatasi cha kufutia mikono, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuchora kando ya mifupa ya kuku. Mama yake akasogeza kichwa. Shanuo naye akasogeza. Mpaka chai inapoa walikuwa wanabishana watatu juu ya urefu wa ncha ya mkanda, na mwalimu peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba watu walikuja kuzungumzia ndoa.

Ndoa ilifungwa, na ilikuwa nzuri. Gorondo halikubadilishwa, kwa kuwa kilichokwisha kutolewa hakirudishwi, na Shanuo hakuacha kulisema, ila alilisema lenyewe bila kugusa ukoo wa mtu.

Aliyebadilika ni mama mkwe wa mwalimu. Alitaka kujua ni kundi gani hilo lililomcheka, akawekewa mchezo kwenye simu yake, akaingia. Wiki ya kwanza alisikiliza tu. Wiki ya pili alituma sauti.

"Mimi ndiye mama wa mchoraji," alianza. "Nimeliona joka la mwanangu likiruka. Mabawa manne, lakini linaruka kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Nilimsomesha kwa ajili ya haya?"

Kundi lililipuka. Na Shanuo, akiwa na kichwa cha mteja mapajani na mafuta hadi viganjani, alijikuta amebonyeza kitufe kwa kiwiko.

"Mama, hapo umemwonea shemeji yangu!" alifoka. "Mabawa yale hayana shida hata kidogo. Hebu liangalie likigeuka kushoto, ndipo useme!"