Gunia Lake Lilivyoshonwa

Jumanne. Ukungu umekaa Kibirichia tangu alfajiri na manyunyu hayajakatika. Katika baridi hiyo nimeletewa habari kwamba jirani yangu, yule mkulima wa viazi wa pale mteremkoni, ameaga dunia usingizini. Wasomaji wangu wanajua sina shule nyingi, na pengine nitakosea nikigusa mambo ya madaktari. Lakini siku alipopewa majibu yake hospitalini nilikuwepo, nimeketi kando ya mke wake, kwa hivyo niacheni niseme nilichosikia.

Ni miaka mingi sasa. Walikuwa wamempata na uvimbe tumboni, kwenye ule mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni. Daktari wa upasuaji, mama wa makamo, hakuzungukazunguka: mshipa ukiachwa, siku moja unaweza kupasuka, ukirekebishwa kwa upasuaji, si kila mgonjwa hupona. "Mzee, tukichukua watu kumi wa hali yako..." Jirani akainua mkono. "Daktari, huku kwetu watu hawahesabiwi, ni mkosi. Hesabu magunia." Yule mama akacheka. "Haya. Magunia ya viazi yanashuka mjini kwa barabara mbovu. Mengi yanafika. Mengine yanapasuka njiani." "Na langu limeshonwaje?" "Hilo ndilo ninalotafuta."

Akaeleza kwamba huangalia figo, moyo, pumzi na umri, ndipo akisie nani atavuka. Akamuuliza kama anapanda kilima cha kwake bila kusimama. "Napanda na gunia mgongoni," jirani akajibu, kifua mbele. Mke wake akakohoa. "Mzee, mwambie na ule mkaratusi." "Mkaratusi gani?" "Ule unaoegemea ukihema kama ng'ombe wa kulima. Na sigara unavutia hapo hapo." Jirani akatazama viatu vyake, kisha akasema polepole, "Daktari, andika ya mke wangu."

Sitaki kumpamba marehemu. Alikuwa na kiburi, na nadhani aliogopa kunyimwa matibabu. Daktari alisema kwa pumzi hiyo angeweza kushindwa baada ya upasuaji. Uvimbe ulikuwa bado unaruhusu kungoja kidogo, ingawa kungoja nako kulikuwa na hatari, wala hakuificha. Aache sigara, apande kilima kila siku, arudi. Basi tukawa tunamwona asubuhi akipanda, mke nyuma yake kama refa. Siku alipoupita mkaratusi bila kuugusa, sisi tuliokuwa tukipalilia tuliweka majembe chini tukapiga makofi. Alipasuliwa, akarudi, akavuna misimu mingi. Niseme pia, ili niwe wa haki, kwamba kwenye kitanda cha pili alilala mtu aliyetabiriwa mema kuliko yeye, na huyo hakurudi kwao. Makisio si ahadi. Daktari mwenyewe alituambia.

Hata hivyo najivunia kuwa jirani yake. Wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunavaa afya kama suti ya Jumapili. Ukimpa uongo, atakisia maisha ya mtu mwingine, si yako. Yeye alikubali kuvuliwa suti hiyo mbele yetu, na ndiyo sababu gunia lake liliweza kushonwa upya.

Jioni tumekula mukimo, viazi vya kupondwa vilivyotokana na mbegu aliyonigawia aliporudi kutoka hospitali. Majirani walikuwa wakiingia na kutoka, na mke wangu alipakua tu, hakuhesabu watu.