Nilivyoigawa Foleni ya Pilau

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Kishapu nilipoamua kurudi chuoni kusomea uzamili wa uhandisi wa viwanda. Tovuti ya chuo ilitoa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa masomo ya darasani na mradi mdogo mwishoni. Ya pili ilikuwa tasnifu, yaani unakaa na swali lako mwaka mzima unalichokonoa. Ya tatu ilikuwa ya vipindi vya jioni jijini Dar, ambavyo mimi wa Kishapu ningevihudhuria labda kwa ungo.

Nikachagua ya kwanza. Watu niliwaambia inamfaa mtu wa kiwandani. Ukweli ni kwamba niliogopa tasnifu.

Tatizo lilikuwa barua ya maombi. Fomu ilitaka nieleze shida niliyowahi kuitatua kwa taaluma yangu. Kiwandani nilikuwa nimetatua kadhaa, ila zote meneja alishaziandika kwenye ripoti kwa jina lake. Kwa hiyo nilipokwenda nyumbani, upande wa Bukombe, kwenye jubilei ya padre wetu, nilikwenda na njaa ya pilau na njaa ya shida.

Mkuu wa mapishi kigangoni alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Nilimkuta jikoni amejifunga kanga kiunoni, anaonja mchuzi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nasikia unarudi shule. Unakwenda kusomea kujenga viwanda?”

“Hapana. Ni kuangalia kazi inavyofanyika, halafu kuipunguzia muda.”

Alifikiri kidogo. “Kwa hiyo unasomea haraka.”

“Tuseme hivyo.”

“Haya, kamenye vitunguu.”

Baada ya misa watu walipanga foleni ya chakula, nami nikaona barua yangu imejiandika yenyewe. Foleni ilikuwa moja tu, ndefu, imezunguka kanisa. Mwisho wa meza alisimama shangazi, peke yake, anagawa nyama kwa kijiko cha kukorogea chai. Kila aliyefika aliulizwa habari za watoto, kisha za mifugo, kisha akapata kipande. Nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu, kumbe napima muda. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alinimalizia karibu dakika tatu.

Kisha padre akamwita shangazi aje asalimiane na wageni. Alipopotea tu nyuma ya nyumba ya mapadre, nilivuta meza ya pili, nikaigawa foleni mara mbili, nikawapa akina mama wa jikoni upawa wa mchuzi wagawie nyama. Walinitazama kwa mashaka, lakini nilikuwa nimevaa miwani na nilikuwa na digrii.

Foleni iliyeyuka. Nilipiga picha ya kabla na picha ya baada, na kichwani nilishaanza kuandika: “Kwa kutumia mbinu rahisi…”

Sijamaliza sentensi, nikaona wanaume waliokwishakula wananyanyuka. Kumbe hakuna foleni, kwa nini wasirudi? Walirudi, wengine na sahani za wenzao. Wanakwaya wa Masumbwe, waliokuwa bado wanawaimbia wageni, waliposhuka jukwaani walikuta akina mama wanakwangua masufuria. Nao sauti ya nne, ile nzito, yote ilikuwa wachimbaji wa dhahabu, watu wa mabega na matumbo ya kazi.

Shangazi aliporudi hakupandisha sauti.

“Nani kaigawa foleni?”

Akina mama wote walinigeukia kwa pamoja, kwa utaratibu ambao hata kiwandani sijawahi kuupata.

“Mimi, shangazi. Ilikuwa inakwenda polepole.”

“Naipeleka polepole. Kwaya huimba mpaka mwisho, siku zote. Mtu akikumbuka alivyosimama juani, sahani yake moja ataila taratibu, hatarudi. Nami nawauliza habari za ng'ombe mpaka kwaya ishuke. Ungeniuliza ningekwambia.”

Alinituma nyumbani kwake nikachukue matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga na sukari ya chai. Nikawahudumia wanakwaya mmoja mmoja, nimeinamisha kichwa. Mchimbaji mmoja alitafuna kiazi, akanitazama kwa huruma.

“Injinia, kwenye duara letu la machimboni tunashuka shimoni kwa zamu. Tafadhali usije kututembelea.”

Walicheka mpaka mwingine akapaliwa na karanga. Niliona aibu, lakini nilipokuwa nawajazia vikombe niligundua kwamba nazidi kufikiria kile kijiko. Miaka minne nilifundishwa kwamba foleni ni ugonjwa. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuitengeneza makusudi, akaiendesha kwa maswali ya ng'ombe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Shinyanga mjini penye mtandao wa uhakika, nikaitupa barua niliyoianza kichwani, nikaandika jinsi nilivyowanyima kwaya pilau. Kisha, kabla woga haujanirudia, nikabadili chaguo langu kuwa tasnifu.

Usaili ulifanyika kwa video. Walikuwa watatu. Wawili waliniuliza mambo ya vitabuni, nikajibu ya kutosha. Wa tatu, profesa mwenye mvi, aliegemea mbele.

“Hicho kijiko. Alikichagua, au ndicho kilichokuwepo?”

“Alikichagua, profesa. Upawa ulikuwa pembeni yake.”

Aliandika kitu, akatabasamu peke yake.

Walinikubali kwa tasnifu, kwa sharti nirudie somo la takwimu, ambalo mara ya kwanza nililipita kwa kuchechemea. Nilimpigia shangazi kumweleza, pamoja na kwamba profesa anaomba kuzungumza naye siku moja.

“Mwambie asubiri,” alisema. “Wiki hii nina kipaimara.”

Nilipokwenda tena nyumbani, kila mtu kigangoni alikuwa na habari. Shangazi alikuwa amewaeleza kwamba chuo kikuu kimemchagua yeye, ila kwa sababu ya mapishi ameona atume mwakilishi.