Pasi ya Modeste

Amisi alikuwa mtu wa jenereta. Wengine Rumonge walijulikana kwa nyavu zao au kwa mawese yao. Yeye, mjukuu wa Wamanyema waliohamia pwani ya ziwa, alijulikana kwa masizi ya dizeli yasiyotoka kwenye kucha hata siku ya Idi. Tangu mwaka uliofuata uhuru aliendesha jenereta ya kiwanda cha mawese, iliyowekwa ufukweni ili ipate maji ya kuipoza. Mashine ya kukamua yenyewe ilikuwa kule juu, katikati ya michikichi, na ikiwashwa ghafla kabla Amisi hajaongeza dizeli, jenereta ilielemewa. Ilikwisha kuungua mara moja. Patroni, mwenye kiwanda, alimwambia ikiungua tena, atatupwa pamoja nayo.

Shida ilikuwa moja: mtu wa juu amwambieje mtu wa chini? Simu, patroni aliposikia bei ya waya, alicheka mpaka akakohoa. Bendera ilifichwa na michikichi. Wakajaribu kengele, wachumaji wakadhani kazi imekwisha, wakaweka mapanga begani na kwenda zao nyumbani.

Aliyepata dawa ni Modeste, mkamuaji, mtu wa Gatete, mwimbaji wa kwaya asiyevumilia shati lenye kunyanzi. Alikuwa na pasi ya umeme, na kila alipoichomeka kule juu, taa ya kibanda cha Amisi ilififia kidogo. Basi waya uleule uliopandisha umeme ungeweza kushusha habari, tena bure. Wakakubaliana. Modeste akichomeka pasi mara mbili, anaomba kuwasha mashine. Amisi anaongeza dizeli, kisha anakata umeme mara moja na kuurudisha, maana yake washa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini rahisi hii haikuvunja kitu, isipokuwa Jumamosi moja Modeste aliponyoosha shati la kwaya huku akiichomeka na kuichomoa pasi ili isiunguze kola. Amisi akaongeza dizeli, akaongeza tena, mpaka balbu zikapasuka kiwanda kizima.

Kwa miaka mingi walizungumza hivyo zaidi kuliko walivyozungumza kwa mdomo. Amisi alimpenda, ingawa hakuwahi kumwambia. Modeste hakuwasha mashine hata siku moja bila kuuliza, hata alipokuwa na homa.

Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji yakaingia Rumonge. Waliopata mitumbwi walivuka ziwa. Kisha malori ya askari yakaanza kupita yakichukua watu. Modeste aliitwa kwenda kuulizwa maswali, akavaa shati safi, akaenda. Hakurudi. Kiwanda kilikaa kimya hadi patroni alipoamuru kazi ianze, na Amisi akawasha jenereta, akakaa akiitazama taa.

Haukupita muda mrefu, mashine ikanguruma kule juu. Vestine, mke wa Modeste, akaja mbio mpaka mlangoni mwa kibanda.

"Baba Zuwena, unasikia? Mashini iko inatembea. Wamemurudisha."

Amisi alikuwa bado ameshika mkono wa dizeli. Taa ilikuwa imefifia ghafla, bila kuulizwa, na jenereta ilipona kwa bahati tu. Angeweza kunyamaza. Wengi walinyamaza wiki zile, na si mimi wa kuwalaumu.

"Mama Bora," akasema, "huyu hakuniuliza."

Vestine aliijua habari ya pasi. Mashati yale aliyafua yeye. Akaingia, akasimama chini ya taa.

"Labda amesahau. Iko muchovu. Mujulishe kama uko hapa."

Amisi akakata umeme mara moja, akaurudisha. Mashine ikasita, ikaendelea. Wote wawili wakaikodolea macho taa, wakingoja pasi ijibu. Iliwaka vilevile, haikutikisika hata kidogo.

"Muulize tena," Vestine akasema.

Akamuuliza tena.