Ukuta wa Nne wa Jirani

Jirani yetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, alijenga nyumba ya kuta tatu. Ukuta wa nne aliuchukua kwetu bila kuomba: alilaza miti ya paa lake juu ya ukuta wetu wa nyuma, akahamia na familia. Mvua za kwanza ziliponyesha, maji yote ya paa lake yalishukia kwenye matofali yetu ya udongo. Nyuma ya ukuta huo Mama aliweka cherehani, na cherehani ndiyo iliyotulisha tangu tutoke Bukavu, kule Kongo.

Mama akapeleka kesi kwa kamati ya mtaa. Walikuja wazee wanne na kiti kimoja, cha mwenyekiti. Mmoja wao tulimwita Injenyeri, kwa sababu aliwahi kusukuma wilibaro kwenye jengo fulani la serikali pale Capital Hill, kule Lilongwe.

"Mama, huu ukuta ni wa nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Wangu. Hata matofali ni mimi nilifyatua."

"Sikatai," jirani akasema. "Upande wa ndani njo wa mama. Lakini huu wa inje unaangalia kwangu, njo wangu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba wamesomewa sheria. Injenyeri akasema kwanza tupime kama ukuta unaweza kubeba mapaa mawili. Akausukuma kwa bega.

"Iko solidi," akatangaza.

Mwenyekiti hakutaka kupitwa mbele ya bantu waliokusanyika, naye akausukuma. Wawili waliobaki wakafuata, kila mmoja kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake. Nani angekubali kuonekana hana utaalamu?

Ukuta ukalala ndani, palepale ambapo cherehani hukaa. Lakini Mama alikuwa ameihamisha asubuhi. Aliwajua wazee wake.

Paa la jirani likaanza kushuka. Nilikuwa karibu, nikaudaka mti mmoja kwa mikono miwili. Mimi ambaye darasani naitika jina langu kwa kunong'ona, nikawa nguzo katikati ya mkutano.

"Basi," mwenyekiti akasema huku akipangusa vumbi begani, "ukuta haupo tena. Kama haupo, tutagombania nini? Kesi imekwisha. Tufunge kwa maombi."

Wakaiombea Malawi, wakaiombea Kongo, wakawaombea wajane wote. Mimi bado nilikuwa nimeushika mti. Nilitamani kusema "Amina" kabla yao, nikaona haya.

Mama hakukata rufaa. Alifyatua matofali mapya, akauinua ukuta nusu hatua ndani ya kiwanja chetu, miti ya jirani isiufikie. Jirani ikabidi akanyage matope ya matofali mwenyewe, ajijengee ukuta wake wa nne.

"Mama, umenionea," alilalamika.

"Hapana, papa. Sasa uko na ukuta wa pande zote mbili."

Cherehani ikarudi mahali pake, pakavu. Kati ya kuta hizo kukabaki upenyo ambao hata mbuzi hapiti. Mwezi haujaisha, kamati ikarudi na kiti chake kuuliza upenyo ni wa nani. Mama akawakaribisha vizuri, ila uani, mbali na kuta.